Bei Gani? Swali Nililolikimbia Mwaka Mzima

Nashona mapazia, na picha yangu ya kwanza ya biashara niliyoiweka mtandaoni ilikuwa ya pazia la rangi ya maziwa kwenye dirisha la sebuleni kwangu, jua la asubuhi likipenya kwa nyuma. Niliipiga mara kumi na nne ndipo nikaridhika. Kufikia usiku ilikuwa na mioyo zaidi ya mia, na chini yake komenti kumi na tisa. Kumi na tatu kati ya hizo zilikuwa na maneno mawili tu: bei gani?

Nami, kama nilivyoona wenzangu wakifanya, nikawajibu wote kumi na tatu kwa neno moja: inboksi. Wakaja wawili. Mmoja nilimtajia bei akanyamaza, wa pili alikuwa fundi mwenzangu anapeleleza.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu wanaoniuliza jinsi ya kuanza biashara mtandaoni huanza na nembo, jina la ukurasa na namna ya kupata wafuasi. Vyote hivyo nilikuwa navyo. Nilichokosa ni jibu la swali la watu kumi na tatu.

Kwa nini nilificha bei? Nilijiambia kwamba mapazia hayana bei moja, kila dirisha lina kipimo chake, na hilo ni kweli. Ila nyuma ya ukweli huo kulikuwa na woga: nisionwe na washindani. Na tamaa pia, kwamba mteja akionekana ana uwezo nimpandishie kidogo. Mteja si mjinga. Ukimwambia aje inboksi anaelewa kuwa bei itapangwa kwa kumwangalia sura, na kwamba akishaingia huko itabidi ajieleze kwa nini hanunui. Heri aweke moyo apite zake.

Nilipoamua kuandika bei, niliandika ya mita moja iliyoshonwa pamoja na ringi, halafu nikatoa mfano wa dirisha moja kamili lenye upana wa mita moja na nusu, kitambaa, ufundi na usafiri vikiwa vimejumlishwa. Komenti zikapungua mno. Na kwa kuwa mitandao hii husukuma mbele zaidi chapisho linalozungumziwa, watazamaji nao wakapungua. Nikadhani nimejiharibia. Lakini waliobaki waliuliza mambo mengine kabisa: fundi, unamaliza lini? Kijani iliyokolea ipo? Vipimo nitume wapi? Hayo ni maswali ya mtu ambaye pochi imeshafunguliwa. Wiki ile nilishona madirisha manne, na mioyo kwenye chapisho lile haikufika thelathini.

Tangu hapo nilipunguza kuhesabu mioyo. Nilinunua daftari nikawa naandika kila Jumapili mambo mawili: watu wangapi wameniandikia, na wangapi kati yao wamelipa. Kama wengi wanaandika na wachache wanalipa, kasoro ipo kwenye majibu yangu au bei. Kama hata kuandika hawaandiki, kasoro ipo kwenye ninachoposti. Sijawahi kuhitaji takwimu nyingine kubwa kuliko hizo.

Sasa, uposti nini? Kilichonikuza kuliko picha zote nzuri ni video ya sekunde arobaini niliyoirekodi kwa hasira. Wateja walikuwa wananitumia vipimo vibaya, nashona, pazia halitoshi, tunalaumiana. Siku hiyo nikashika tepu nikasimama dirishani, simu nikaiegemeza kwenye birika, nikasema: usipime dirisha, pima bomba la pazia. Bomba lizidi dirisha kwa sentimita kama 15 hadi 20 kila upande. Upana wa bomba uzidishe mara mbili, hicho ndicho kitambaa unachohitaji ili pazia likunjike vizuri. Ukinunua kitambaa chenye upana sawa na bomba, ukifunga pazia litakaa kama shuka lililoanikwa. Nikaonyesha na hilo la shuka, bahati mbaya nilikuwa nalo.

Mbwa anasikika akibweka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyejali. Watu waliihifadhi, wakatumiana, na wengine walinirudia miezi mitatu baadaye wakiwa na vipimo sahihi vimeandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo nikiulizwa, nasema tafuta swali ambalo umechoka kulijibu, ulijibu mara moja mbele ya kamera. Anayetengeneza viatu anayo maswali hayo, anayefundisha hesabu anayo, hata anayezibua mabomba. Anza na jambo lenyewe, usianze na salamu ndefu. Maelezo ya chini ya picha nayo ni hivyohivyo: Instagram inakuruhusu herufi 2,200, lakini zinazoonekana kabla mtu hajabonyeza ni mistari ya mwanzo tu. Ukiijaza kwa dua na shukrani, bei haisomwi.

Kosa jingine la mwanzoni ni kufungua kurasa nne usiku mmoja. Baada ya mwezi tatu zilikuwa makaburi, na ukurasa uliokufa unatia shaka kuliko kutokuwepo kabisa, maana mteja anajiuliza kama bado uko hai. Chagua mahali pamoja tu, pale wateja wako wanapokaa tayari, uzoee, ndipo uhamie kwingine. Kununua wafuasi sina la kulisema zaidi ya hili: hawana madirisha.

Mauzo yenyewe hufungwa kwenye mazungumzo, na hapa nitakaa kidogo. WhatsApp Business ilitoka Januari 2018, ni ya bure, na bado nakutana na wafanyabiashara wanaotumia WhatsApp ya kawaida wakihangaika kupekua picha kwenye simu huku mteja anasubiri. Ile ya biashara ina katalogi: unaweka bidhaa, picha na bei, unatuma kiungo kimoja. Ina majibu ya haraka, yaani unaandika neno fupi na maelezo yako marefu ya vipimo yanatokea yenyewe. Ina lebo, mimi ninazo za "ametuma vipimo", "amelipa nusu" na "nimkumbushe". Hiyo ya mwisho imeniingizia hela kuliko tangazo lolote. Wengi hawakukataa, walipigiwa simu tu wakasahau.

Halafu kuna orodha ya matangazo, yaani unatuma ujumbe mmoja na kila aliye kwenye orodha anaupata kivyake, ambayo inapokea hadi watu 256. Niliijaza nikatuma picha za vitambaa vipya, nikakaa kusubiri mafuriko. Walijibu sita. Kumbe ujumbe wa orodha humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na mimi sikuwahi kumwomba mtu afanye hivyo. Siku hizi kila ninayemkabidhi mzigo namwambia, "Nihifadhi fundi mapazia, vitambaa vipya ninaviweka stetasi." Stetasi hudumu saa 24 na huonwa na walewale waliokuhifadhi, ambao nawe umehifadhi namba zao. Ni watu wachache, lakini wanakufahamu.

Matangazo ya kulipia niliyarukia mapema mno. Nilibonyeza kitufe cha kukuza chapisho, nikaacha mipangilio kama nilivyoikuta, nikalipa. Nikapata mamia ya mioyo kutoka kwa watu ambao nisingeweza kuwafikishia hata leso. Nikaja kujifunza mawili. Kwanza, usilipie chapisho lililodorora ukitumaini hela italifufua. Lipia lile ambalo limeshaleta maswali lenyewe. Pili, tangazo limlete mtu kwenye mazungumzo moja kwa moja, na libaki katika maeneo unayoweza kufika. Nilianza tena kwa kiasi kidogo ambacho kikipotea sikosi usingizi, nikalinganisha na daftari langu la Jumapili.

Kisha akaunti yangu ikaibwa. Ulikuja ujumbe unaoonekana rasmi kabisa kwamba nimekiuka hakimiliki ya picha, nibonyeze hapa ndani ya saa 24 la sivyo ukurasa utafungwa. Nikabonyeza, nikaandika nywila kwa mikono yangu mwenyewe. Dakika chache baadaye mapazia yangu yalikuwa yanauza sarafu za kidijitali. Sikuwa nimewasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kinga ya pili kama namba ya siri ya ziada, jambo la dakika tatu. Washa leo, kwenye ukurasa, kwenye WhatsApp na kwenye barua pepe uliyofungulia ukurasa.

Kilichoniokoa ni kwamba namba na vipimo vya wateja nilikuwa naviandika pia kwenye daftari. Huko mitandaoni sisi ni wapangaji. Vine ilikuwa na umaarufu mkubwa kwa video fupi, ikafungwa Januari 2017. Instagram mwaka 2016 iliacha kupanga picha kwa kufuata muda. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Mwenye daftari la namba alipiga simu za kawaida, kazi ikaendelea.

Niliuanzisha ukurasa upya kutoka sifuri. Ndipo, ukiwa na wiki tano tu, dada mmoja akaandika hadharani chini ya picha nzuri kuliko zote kwamba mapazia niliyomshonea yamepungua sentimita kumi, yanaelea juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kufuta. Nikauzuia. Nikaangalia kwenye daftari, nikakuta kipimo alichotuma kilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyesahau kuongeza pindo. Nikamjibu palepale mbele ya watu: "Dada, umesema kweli, kosa ni langu. Kesho saa nne nakuja kuyachukua, na gharama ni yangu."

Nikayachukua, nikaunga pindo la kitambaa kilichokoza kidogo kwa chini, likaonekana kama urembo uliokusudiwa. Siku ya tatu akarudi kwenye komenti ileile na picha ya dirisha lake. Chini yake mtu nisiyemjua akauliza hilo pindo la chini ni bei gani. Nikamwandikia bei.