Tukingoja Masika: Maswali Yenu Kuhusu Utabiri wa Machi

Machi ni mwezi mgumu kwa watabiri wa Afrika Mashariki. Kaskazi inakatika, kusi haijashika, na jua la utosi linavuka ikweta tarehe 20 au 21 likiuvuta nyuma yake ukanda ambamo upepo wa kaskazini na ule wa kusini hukutana. Barua zenu za mwezi huu karibu zote zinazunguka hapo.

Simu yangu ilionyesha mvua asilimia 60 jioni. Hapa South B halikuanguka hata tone, lakini Rongai barabara ziligeuka mito. Huu ni utabiri gani? (Msomaji, South B)

Ni utabiri uliotimia, ndugu, ila wewe ulikuwa upande mkavu. Mvua ya Machi hapa Nairobi hutoka kwenye mawingu ya ngurumo yaliyotawanyika. Wingu moja huwa na upana wa kilomita 5 hadi 10, na mara nyingi humaliza kazi yake ndani ya saa moja. Kutoka South B hadi Rongai ni karibu kilomita 15 kwa mstari ulionyooka.

Programu nyingi za simu huchota namba zake kwenye mifumo ya kompyuta ya kimataifa. Ule wa Marekani huigawa dunia katika vipande vya kilomita 13 hivi, na ule wa kituo cha Ulaya kilomita 9. Kipande kimoja kinalimeza wingu zima, kwa hiyo kompyuta hailioni wingu lenyewe. Inachoona ni kwamba hewa ya hapo ina joto na unyevu wa kutosha kuzaa mawingu, halafu inakadiria. Asilimia 60 maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye anga kama hiyo, sita hunyesha mahali ulipo na nne hukauka.

Angalia pia saa. Ramani nyingi za utabiri hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu: penye 12:00, kwetu ni saa tisa alasiri. Kwa kawaida jua la asubuhi hupasha ardhi, upepo wa mashariki wenye unyevu wa bahari hupanda kuelekea Ngong na Kikuyu, mawingu hurundikana kuanzia saa saba au nane, na mvua hushuka jioni au usiku. Fundi mwenye slabu ya kumwaga amalize zege kabla ya saa nane na awe na nailoni ya kufunikia pale pale. Asilimia 60 inatosha kabisa kuamua hivyo.

Nimenunua barometa ya ukutani Gikomba. Mshale umelala kushoto kabisa, penye "dhoruba", hata siku za jua kali. Imeharibika? (Msomaji, Umoja)

Haijaharibika, iko tu mahali isipoundiwa. Barometa za nyumbani hutengenezewa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa huwa karibu hektopaskali 1013. Sahani yake kwa kawaida huanzia 950 hivi hadi 1050. Nairobi iko kati ya mita 1,600 na 1,800 juu ya bahari, na mgandamizo wa hapa ni kama 820 hadi 840. Mshale hauna pa kwenda. Ile skrubu ndogo ya nyuma hurekebisha tofauti ndogo tu, si hektopaskali 180. Usiikaze kwa nguvu, utaharibu kikopo chembamba cha bati kilicho ndani, ambacho ndicho kinachohisi hewa.

Hata ukipata inayofaa milimani, haitakutabiria mvua. Ulaya mgandamizo ukishuka ghafla watu hujua dhoruba inakuja. Karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayopinda upepo huko mbali ni hafifu mno, kwa hiyo tofauti ya mgandamizo haidumu. Hewa huijaza mara moja. Utakachoona ni mdundo wa kila siku: kilele saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, tofauti ya hektopaskali 3 au 4. Siku ya mvua na siku kavu hazitofautiani kiasi hicho.

Kinachokufaa Machi ni unyevu. Viwanja vya ndege vya JKIA na Wilson hutoa taarifa ya hewa mara kwa mara mchana kutwa. Tafuta HKJK au HKNW kwenye intaneti. Ndani yake kuna namba mbili zenye mkwaju katikati, kwa mfano 24/14. Ya kwanza ni joto. Ya pili ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa kulifikia, mvuke wake huanza kugeuka maji. Ikiwa 10 au chini mchana, hewa ni kavu na mawingu yatavunjika yenyewe. Ikikaa 14 au zaidi siku mbili tatu mfululizo, unyevu wa bahari umeshaingia na ngurumo za jioni zina malighafi.

Kazi yangu ni Industrial Area, shamba liko Masii, Ukambani. Utabiri wa msimu nilioona ulitoa asilimia 45 kwa mvua ya juu ya kawaida. Nipande mara mvua ya kwanza ikishuka? (Mkulima wa wikendi)

Hapana, tafadhali. Tuanze na hiyo 45. Watabiri huchukua kumbukumbu za mvua za miaka 30 hivi, huipanga miaka hiyo kutoka mikavu hadi yenye mvua nyingi, kisha huigawa mafungu matatu sawa: chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida. Bila kujua lolote, kila fungu lina asilimia 33. Kwa hiyo 45 ni kuelemea upande mmoja tu. Fungu la chini huenda bado lina 20 au 25, na hiyo ni nafasi moja kati ya tano au nne. Tena namba hiyo haisemi mvua itagawanyikaje. Msimu unaweza kuhesabiwa "juu ya kawaida" kwa wiki mbili za mafuriko huku mahindi yakinyauka wiki zilizobaki.

Masika pia hutabirika kwa shida kuliko vuli, na wakulima wanastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Vuli hufuata sana El Niño na joto la Bahari ya Hindi, mambo yanayobadilika polepole na kuonekana miezi kabla. Masika huyasikiliza kidogo tu. Kinachoyasukuma ni wimbi la mawingu linalozunguka ukanda wa joto kuelekea mashariki kila siku 30 hadi 60, pamoja na vimbunga vya kusini. Kimbunga kikikaa mashariki mwa Madagaska huweza kuuvuta hadi kwetu upepo wa magharibi wenye unyevu wa Kongo, ndiyo maana Machi 2018 ilinyesha sana. Kikipita upande wa Msumbiji mara nyingi hutukausha: Machi 2019 Idai iliipiga Beira huku wakulima wa Kenya wakingoja mvua iliyochelewa. Mambo hayo huonekana wiki moja au mbili kabla, si Februari.

Kipimo kinachotumika sana eneo letu ni hiki: mvua imeanza ikiwa zimeshuka milimita 20 ndani ya siku tatu, na siku 21 zinazofuata hazina kiangazi cha siku saba mfululizo. Nusu ya kwanza utaipima mwenyewe. Nusu ya pili utaikisia kwa utabiri wa siku saba wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha jembe likuthibitishie: chimba, na udongo uwe umelowa sentimita 15 hadi 20 kwenda chini. Ukipanda kwa milimita 12 za jioni moja, mbegu itanyonya maji na kuchipua, halafu mzizi usiofika urefu wa kidole ukutane na udongo mkavu. Hapo umepoteza mbegu na vibarua. Ukitaka kupanda kabla ya mvua kwa kukosa nafasi, zamisha mbegu sentimita 7 hivi ili manyunyu yasiiamshe.

Na kwa Ukambani, msimu wa kutegemewa ni vuli. Masika tenga sehemu kubwa ya shamba kwa ndengu na kunde, na mahindi yawe ya Katumani yanayokomaa mapema.

Kaka yangu anavua omena usiku huko Mbita. Sisi Kibera tunasikia utabiri wa Nairobi tu. Nimwambie aangalie nini? (Msomaji, Kibera)

Mwambie autafute utabiri wa Ziwa Viktoria wenyewe. Wa Nairobi hautamsaidia chochote, kwa sababu ziwa lina saa zake.

Mchana ardhi hupata joto na mawingu huota juu ya milima ya Nandi, Kericho na Kisii. Jioni upepo wa mashariki huyateremsha kuelekea Ghuba ya Winam. Hiyo ni hatari ya kwanza, kati ya jua kutua na usiku wa manane. Usiku ardhi hupoa kuliko maji, upepo hutoka nchi kavu pande zote, hukutana katikati ya ziwa na kuipandisha hewa yenye unyevu. Hiyo ya pili huchacha kuanzia saa nane usiku hadi asubuhi, kwenye maji ya wazi. Wavuvi wa omena hutoka hasa kukiwa na giza la mwezi, saa hizo hizo.

Taa za kuvutia omena hupofusha macho; anayekaa karibu nazo haoni wingu likipanda. Mmoja kwenye boti ageukie gizani, upande wa mashariki kabla ya usiku wa manane, na azitazame radi. Kutoka mmweko hadi ngurumo ahesabu sekunde, agawe kwa tatu, apate kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo nyavu zinapandishwa na boti inaelekea ufuko ulio karibu, si lazima wa nyumbani. Upepo wa baridi unaogeuka ghafla huitangulia mvua, na ndio unaopindua boti. Kusubiri matone ni kuchelewa. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe, zisikaliwe.

Pasaka tunakwenda Lamu, kisha kwa mashua hadi Kiwayu na watoto. Utabiri wa "noti 15, mawimbi mita 1.5" ni salama? (Mama wawili, Pangani)

Dada, noti 15 ni karibu kilomita 28 kwa saa. Mita 1.5 ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa, si kikomo: mojamoja laweza kukaribia mita 3. Lakini hayo ni ya bahari ya wazi, na sehemu kubwa ya safari yenu hupita nyuma ya visiwa. Mwulizeni nahodha kuhusu milango inayoelekea baharini, kwa maana maji yakitoka kwa nguvu na kukutana na upepo unaoingia, mawimbi husimama wima hata siku ambayo utabiri ni mzuri.

Pasaka huangukia ndani ya wiki moja baada ya mwezi mpevu, na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa kiwango kikubwa, hufika siku moja au mbili baada ya mwezi huo. Kukaribia siku ambayo mchana na usiku ni sawa, bamvua huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo tazameni tarehe: Pasaka ikifuata mwezi mpevu kwa siku mbili, mikondo ni mikali, ikiufuata kwa wiki, ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, una kina kidogo na hupitika vizuri maji yakijaa. Ondokeni asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka.

Onyo likitaja noti 25 au mawimbi zaidi ya mita 2, kaeni Lamu. Vimbunga haviundiki karibu na ikweta, ila pembe zake hutufikia: Mei 2024 Hidaya ilielekea Mafia, Tanzania, na pwani yetu ikapata upepo na mawimbi makali. Kituo cha Réunion ndicho kinachofuatilia vimbunga vya upande huu wa bahari.

"Zaidi ya milimita 20 kwa saa 24" ni maji kiasi gani, na naweza kupima mwenyewe? (Mwanafunzi, Kahawa West)

Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20 linapokea lita 1,000. Kwenye tangi zitaingia kama 800, nyingine hupotea kwa mrusho na mifereji. Katikati ya Machi udongo mkavu hunywa sehemu kubwa ya mvua hiyo. Mwisho wa Aprili umeshiba, na kiasi kile kile hukimbilia mtoni. Aprili 2024 Mathare iliona hilo kwa machozi.

Chukua chupa ya soda ya lita mbili, ikate pale mabega yanapoanza, geuza sehemu ya juu iwe faneli ndani ya mdomo. Weka kokoto chini isipeperushwe, mimina maji yapite ule mkunjo wa kitako, na pachika rula yenye sifuri kwenye usawa wa maji. Mdomo uwe sentimita 30 juu ya ardhi, mbali na ukuta au mti kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Soma saa tatu asubuhi, kama vituo vya Idara, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Jua likiyapunguza, yaongeze. Siku kavu andika 0. Siku uliyosahau iache wazi, usiijaze 0, maana jumla ya mwezi itaharibika.