Hifadhidata imegoma kuwaka? Anza na biti

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kompyuta mpya katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo mjini Morogoro, na nje ya dirisha wanachama walikuwa wameshaanza kupanga foleni. Mama mhasibu alikuja kunichungulia mara mbili. Mara ya tatu akauliza, "Mwanangu, niwaambie warudi kesho?" Sikuwa na jibu la kumpa. PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotunza kumbukumbu za chama, ilikuwa imesakinishwa vizuri, bila lalamiko hata moja. Lakini kila nikiiwasha huduma yake, inazimika papo hapo.

Tangu siku ile nimeitwa kwenye ofisi na maduka kadhaa kwa shida inayofanana na hiyo, na mara nyingi chanzo ni kilekile: hifadhidata imehamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine, na hakuna aliyeuliza kama mashine hizo ni za usanifu mmoja, yaani kama prosesa na programu zake zimejengwa kwa namna ileile. Simlaumu mtu. Kwa macho zinafanana: skrini ileile, Windows ileile, kibodi ileile. Tofauti iko ndani, kwenye namna prosesa inavyobeba namba.

Kompyuta ya zamani ya chama ilikuwa na Windows 7 ya biti 32 (biti ni kipimo cha ukubwa wa namba ambayo mashine huishika kwa mkupuo mmoja), na ndani yake PostgreSQL 9.3. Mpya ilikuwa na Windows 10 ya biti 64. Ijumaa jioni nilisimamisha huduma kwenye ile ya zamani, nikanakili folda nzima ya data kwenye flashi. Upande wa pili nikaweka PostgreSQL 12 na kubandika folda ile. Haikuwaka. Nikadhani shida ni toleo, na toleo kweli lilikuwa shida mojawapo, kwa sababu folda ya data ya 9.3 haisomwi na 12. Basi nikaiondoa 12, nikapakua 9.3, safari hii ya biti 64 kwa kuwa mashine ni ya biti 64. Bado ikagoma. Hapo ndipo nilipopoteza saa nyingi, maana nilianza kubahatisha. Nilizima antivairasi, nikabadilisha ruhusa za folda, nikawasha kompyuta upya mara nne.

Jibu lilikuwa limeandikwa muda wote kwenye faili la kumbukumbu, ndani ya folda ya data, sehemu iitwayo pg_log (matoleo mapya huiita log tu, na ukiikuta tupu kwenye Windows, fungua Event Viewer). Ujumbe ulisema hivi:

FATAL: database files are incompatible with server
DETAIL: The database cluster was initialized without USE_FLOAT8_BYVAL but the server was compiled with USE_FLOAT8_BYVAL.

Mstari wa pili unatisha, lakini maana yake ni nyepesi. Kwenye mashine ya biti 64, namba ya baiti 8 (yaani biti 64) inaenea ndani ya rejista moja ya prosesa, kile kisanduku kidogo inachoshikia namba, kwa hiyo PostgreSQL huibeba namba yenyewe. Kwenye biti 32 haienei, kwa hiyo hubeba anwani ya mahali namba ilipo. Uamuzi huo uliandikwa ndani ya hifadhidata siku ilipoundwa. Ukiipeleka kwa seva (programu inayoendesha hifadhidata) iliyojengwa kwa njia nyingine, inakataa kuwaka, na kwa kweli inakuokoa: ingekubali, ingesoma anwani ikadhani ni akiba ya mtu.

Chini ya maneno hayo kuna mstari wa ushauri unaotaja initdb. Tafadhali usiufuate kichwakichwa. Amri hiyo huunda hifadhidata mpya, tupu. Haitakubali kuandika juu ya folda yenye vitu, lakini mtu aliyechoka huifuta folda kwanza ili amri ipite, na kama nakala nyingine hana, miaka yake ya kumbukumbu imekwenda.

Njia sahihi ilikuwa kurudi kwenye mashine ya zamani. Folda ya data ni mali ya seva iliyoiandika, na husafiri salama kwenda kwa seva ya toleo kuu lilelile na usanifu uleule tu. Ukivuka mpaka huo, data isafiri kwa pg_dump. Programu hiyo huuliza seva ya zamani kila jedwali lina nini, kisha inaandika majibu kwa namna ambayo seva nyingine yoyote inaweza kuyasoma, iwe ya biti 32 au 64, ya Intel au ARM, familia mbili tofauti za prosesa. Niliirudisha PostgreSQL 12 kwenye kompyuta mpya, nikaunganisha mashine mbili kwa waya wa mtandao, nikaongeza mstari mmoja kwenye pg_hba.conf (faili la ruhusa za kuunganishwa) ya ile ya zamani ili iruhusu anwani ya mpya, nikafungua mlango wa 5432, unaotumiwa na PostgreSQL, kwenye ngome ya Windows (firewall). Kisha, nikiwa kwenye mashine mpya:

pg_dumpall -h 192.168.1.10 -U postgres --globals-only -f watumiaji.sql
pg_dump -h 192.168.1.10 -U postgres -Fc -f akiba.dump akiba

Tumia pg_dump ya toleo jipya kuisoma seva ya zamani, usifanye kinyume chake. Ya zamani haijui mambo ya toleo linalokuja, ila mpya inayajua ya nyuma. Na ile amri ya kwanza usiisahau, kwa sababu pg_dump hubeba hifadhidata moja na haigusi watumiaji wala nywila zao. Wengi hugundua hilo baada ya kurejesha kila kitu, wanapoona mfumo unakataa kuingia.

Kabla sijaendelea na siku ile, niseme kuhusu majina ya usanifu, maana yanawapotosha hata watu wazoefu. Ukifika kwenye ukurasa wa kupakua utakuta i386, amd64, x86_64, armhf, arm64, aarch64. Kijana mmoja aliwahi kunipigia simu akisema amekosa faili la kompyuta yake kwa kuwa yeye ana Intel na faili limeandikwa amd64. Ni lake kabisa. AMD ndiyo iliyoupanua usanifu wa x86, ule wa prosesa za Intel, kufika biti 64, ikatoa Opteron mwaka 2003, na Intel ikaja kuufuata, jina likabaki. Kwa hiyo amd64 na x86_64 ni kitu kimoja. Jina i386 limetoka kwenye prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985, nalo ni la biti 32. Vivyo hivyo arm64 na aarch64 ni kitu kimoja, na armhf ni ARM ya biti 32.

Kuujua usanifu wako kwenye Linux amri mbili zinatosha, na nasema mbili kwa makusudi:

uname -m
dpkg --print-architecture

Ya kwanza inaisemea kerneli, kiini cha mfumo. Ya pili inazisemea programu ulizonazo, kwa wanaotumia Linux aina ya Debian na jamaa zake. Binamu yangu ana duka la dawa za mifugo Dodoma, na aliamua kutumia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ARM, kama seva kwa sababu haili umeme mwingi. Amri ya kwanza ilimjibu aarch64, akapakua kifurushi cha arm64, kikakataliwa. Amri ya pili ilimjibu armhf. Yote mawili yalikuwa kweli: mfumo wa biti 32 wa Raspberry Pi unaweza kuwaka juu ya kerneli ya biti 64, ila programu zote zikabaki za biti 32. Ukiona majibu hayaendani, fuata la pili, au weka mfumo wa biti 64 tangu mwanzo. Yeye alichagua kuweka upya, na ndivyo ningemshauri.

Akakwama tena. Safari hii alitaka MongoDB, programu nyingine ya hifadhidata, akasakinisha kifurushi sahihi cha arm64, na jibu likawa maneno mawili tu: Illegal instruction. Hapa biti zinaendana, lakini prosesa haizijui amri inazopewa. Kuanzia toleo la 5.0, MongoDB ya ARM inahitaji usanifu wa ARMv8.2-A au wa baadaye, na Cortex-A72 iliyomo ndani ya Raspberry Pi 4 ni ya kabla ya hapo. Raspberry Pi 5, yenye Cortex-A76, inaufikia. Upande wa Intel na AMD kuna sharti la namna hiyo pia: prosesa lazima iwe na AVX, kundi la amri za ziada, na mashine nyingi za mtumba zenye Celeron na Pentium za zamani hazina. Andika lscpu uangalie orodha ya sifa kabla hujanunua kompyuta ya mtumba kwa kazi hiyo. Binamu yangu sasa anatumia PostgreSQL kwenye Pi ileile na dawa zake zote zimo.

Wenye Mac za M1 na kuendelea, ambazo ni za arm64, watakutana na jambo hili ndani ya Docker, programu inayoendesha programu nyingine kutoka kwenye vifurushi viitwavyo picha. Picha rasmi ya hifadhidata ya MySQL 5.7 haina toleo la arm64, hivyo utaambiwa hakuna kinacholingana. Unaweza kuilazimisha kwa --platform linux/amd64, itaenda kwa kuigiza, polepole. Kama mradi unaruhusu, hamia 8.0 au toleo la baadaye.

Turudi Morogoro. Saa nne data ilikuwa imeingia, mfumo wa mikopo ukafunguka, nikadhani nimemaliza. Mama mhasibu akafungua Excel kuvuta ripoti ya marejesho, akapata kosa la IM014 likisema dereva (kipande kinachoiunganisha programu na hifadhidata) na programu si za usanifu mmoja. Nilikuwa nimeweka dereva wa ODBC, njia ambayo programu kama Excel huongea na hifadhidata, wa biti 64, lakini Office yake ilikuwa ya biti 32. Hili ndilo watu husahau kuliko yote. Unaweza kuwa na prosesa ya biti 64, Windows ya biti 64 na seva ya biti 64, halafu programu moja tu inayoongea na seva ikawa ya biti 32. Dereva huingia ndani ya programu inayomwita, kwa hiyo lazima afanane na programu hiyo. Seva yenyewe iko ng'ambo ya mtandao, haijali.

Kwenye Excel fungua File, kisha Account, kisha About Excel, utaona ni biti ngapi. Halafu weka dereva wa biti hizo. Wa 32 na wa 64 wanakaa pamoja kwenye Windows moja bila ugomvi. Kuwa makini unapofungua dirisha la ODBC, kwa sababu yako mawili yenye jina lilelile, odbcad32.exe. Lililo ndani ya System32 ni la biti 64, na lililo ndani ya SysWOW64 ni la biti 32. Ndiyo, majina yako kinyume na unavyotarajia, na yalibaki hivyo ili programu za zamani zisivunjike. Ukitengeneza muunganisho wa mfumo mzima kwenye dirisha moja, programu za upande wa pili hazitauona, na kosa litabadilika kuwa IM002, linalosema jina la muunganisho halijapatikana hata kama unalitazama kwa macho yako.

Nilipomweka dereva wa biti 32, ripoti ikafunguka. Sikumruhusu aanze kazi bado. Nilihesabu safu mlalo za kila jedwali kwenye mashine zote mbili, kisha nikamwomba jumla ya hisa na jumla ya mikopo isiyolipwa kutoka kwenye leja yake ya karatasi aliyoifunga Ijumaa. Alivaa miwani, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti huku mimi nikifuata kwenye skrini. Hisa zikalingana. Mikopo ikalingana hadi senti. Kompyuta ya zamani nikaichomoa waya wa mtandao bila kuizima, nikamwomba isiguswe mpaka mwezi ufungwe, naye akaenda dirishani kumwita wa kwanza kwenye foleni.