Je, Petroli ya Oktani Kubwa Inalifaa Kila Gari?

SWALI: Nimenunua Toyota IST iliyotumika kutoka Japani, yenye injini ya cc 1,500. Katika kituo ninapojazia mafuta kuna petroli ya kawaida na nyingine ya bei ya juu yenye oktani kubwa, na mhudumu hunihimiza nichukue hiyo ya ghali kwa kuwa ni safi zaidi. Shemeji yangu mwenye Subaru Forester ya turbo hatumii nyingine. Je, nami nifanye hivyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hapana. Petroli ya kawaida inakutosha, na fedha utakazookoa ni heri uzitumie kununulia oili nzuri na plagi halisi.

Oktani si kipimo cha usafi wala cha nguvu ya mafuta. Hupima uwezo wa petroli kustahimili joto na mgandamizo bila kujiwakia yenyewe kabla ya kufikiwa na mwali ulioanzishwa na plagi. Petroli isiyostahimili hulipuka kwa pembeni ndani ya silinda, na dereva husikia injini ikigonga kama kokoto ndani ya kopo, hasa anapopanda mlima na mzigo. Viambato vya kusafishia injini, ambavyo huenda mhudumu anavikusudia, ni jambo jingine kabisa.

Injini yako huubana mchanganyiko wa hewa na petroli takriban mara 10.5, na Toyota iliiunda kwa ajili ya petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kwa viwango vya huko huanzia oktani 89. Turbo ya shemeji yako husukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, shinikizo na joto vikapanda, ndiyo maana Forester za namna hiyo huelekezwa kutumia daraja la juu, linaloanzia 96. Yeye hakosei: akijaza ya kawaida, kompyuta ya gari italazimika kuchelewesha cheche ili kuinusuru injini, na nguvu itapungua. Gari lako halina kugonga kunakohitaji kuzuiwa, kwa hiyo oktani ya ziada haina kazi ya kufanya.

Maelekezo ya mtengenezaji hupatikana katika kitabu cha gari, na mara nyingi pia kwenye kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tundu la mafuta. Ninawasihi wenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani wawe waangalifu hapa, kwa kuwa namba za huko ni wastani wa vipimo viwili na huwa ndogo kuliko zetu: 87 ya Marekani hukaribia 91 au 92 ya kipimo kinachotumika Japani na hapa kwetu, na 91 yao hukaribia 95 au 96.

Iwapo IST yako itaanza kugonga ukitumia petroli ya kawaida, usiufunike mlio huo kwa mafuta ya ghali. Mwombe fundi akague kama injini inapata joto kupita kiasi, kama plagi ni za aina inayotakiwa, na kama masizi yamejaa juu ya pistoni.