Asilimia 1.5 au 2.5: mkopo upi ni nafuu kwa duka langu?

SWALI: Assalaam aleikum. Nina duka la rejareja Mtongwe, Likoni, huu mwaka wa sita. Nataka kukopa shilingi 60,000 za kulipa kwa miezi 12 niongeze mali. Kampuni ya kwanza inakopesha kupitia kikundi chetu, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, wanaiita ya flati. Wanakata ada ya asilimia 3, na ni lazima niweke akiba ya 6,000 nisiyoigusa mpaka nimalize deni. Ya pili inataka asilimia 2.5 kwa mwezi kwa salio linalobaki, na ada ya asilimia 2. Wenzangu kikundini wanasema nikimbilie ile ya 1.5. Nimepiga hesabu mpaka nimechanganyikiwa. – Mama duka, Mtongwe

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Usikimbilie. Ule wa 2.5 ndio nafuu.

Riba ya flati hupigwa juu ya 60,000 zile zile mwaka mzima, hata ukiwa umeshalipa nusu. Kila mwezi ni 900, kwa mwaka 10,800, na malipo yako ni 5,900 kwa mwezi. Sasa tazama mwezi wa mwisho: pesa yao iliyobaki kwako ni 5,000 tu, na riba bado ni 900. Hiyo ni asilimia 18 kwa mwezi mmoja! Nilipokuwa afisa wa mikopo sikuwahi kuulizwa na mteja habari ya mwezi wa 12, na sisi hatukuwa na haraka ya kumweleza.

Riba ya salio hushuka kadiri deni linavyopungua. Mwezi wa kwanza 1,500, mwezi wa mwisho kama 143. Utalipa karibu 5,850 kila mwezi, na riba yote ya mwaka itakuwa kama 10,190.

Tia ada: 1,800 kwa ule wa kwanza, 1,200 kwa wa pili. Gharama inakuwa 12,600 kwa 11,390. Zile 6,000 za akiba ni zako na zitarudi, ila mwaka mzima hazitakuwa rafuni zikiuza. Tena ukipata pesa ukamaliza mapema, deni la salio linakata riba hapo hapo; la flati mara nyingi hudaiwa riba yote. Uliza, na jibu liwe kwa maandishi.

Lakini tofauti ya 1,210 haitaliangusha duka. Kinachoangusha ni mali kukaa. Tuseme 60,000 zote umenunua unga, sukari na mafuta ya kupima, na ukishatoa gharama ya kuvusha mzigo feri unabaki na faida ya asilimia 8. Mali ikiisha kwa wiki nne, faida ni 4,800 na malipo ni 5,850, basi utachomoa 1,050 kwenye mtaji. Ikiisha kwa wiki mbili, faida ni 9,600: unalipa na unabakiwa na 3,750. Mkopo ni ule ule. Kwa hivyo fungua daftari uone ni bidhaa gani huisha kabla ya siku 14, ununue hizo. Friji ya soda ingoje.

Na daftari la pili, lile la madeni ya jirani? Kilo ya sukari iliyoondoka kwa “nitakulipa mwisho wa mwezi” ni mkopo unaoutoa wewe bila riba, kwa pesa unayoilipia riba. Wengi niliowaona wakishindwa kulipa, mtaji ulikuwa umelala humo.

Usizibe pengo la malipo kwa mkopo wa simu bila kupiga hesabu. M-Shwari ilipoanza 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa 5,850 hiyo ni kama 439. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022 kwa asilimia 8 kwa mwaka, ni rahisi zaidi, ila ulipe ndani ya siku 14.

Jambo moja la kujadiliana na mkopeshaji: siku ya malipo ya kwanza. Kule Kolkata, India, watafiti walilinganisha wakopaji walioanza kulipa baada ya wiki mbili na waliopewa miezi miwili. Waliopewa muda waliweka pesa nyingi zaidi kwenye biashara na faida yao ikapanda, ingawa walioshindwa kulipa nao waliongezeka, ndiyo maana wakopeshaji hawapendi. Omba hata mwezi mmoja wa ziada, ukiuliza kwanza kama riba itahesabiwa humo. Na pesa itoke wiki chache kabla ya Ramadhani, tambi, tende na sukari zikienda mbio, si wakati wateja wako wakihangaika na karo.