Re: Jakpoti imefika mamilioni, nitie laki tatu za kikoba?

Ndugu, nimekuelewa: umeona habari za yule mwanajeshi wa Uingereza, Jon Heywood, aliyezoa zaidi ya pauni milioni 13 kwenye Mega Moolah, mchezo wa sloti wa mtandaoni, mwaka 2015 kwa dau la peni 25, na unaona jakpoti ya sasa "imeiva". Habari ni ya kweli. Ila haiivi.

Kila mchezaji anapozungusha, kipande cha dau lake kinakatwa kuingia kwenye chungu cha wote, ndiyo maana namba inapanda mbele ya macho yako. Mshindi huamuliwa na programu inayochagua namba bila mpangilio, na kila mzunguko unaanza upya. Mega Moolah inawarudishia wachezaji kama asilimia 88 ya madau yao kwa muda mrefu. Sasa wewe usiyeipata jakpoti unabaki na ngapi?

Laki tatu za kikoba usiziguse, tena za wenzako zimo humo. Ukitaka kucheza, tenga hela ya soda, weka kikomo kwenye akaunti, na hakikisha kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Soma masharti ya bonasi kabla ya kuikubali.

Ukipigiwa simu kwamba umeshinda, utume "ada ya kutolea" kwanza, kata. Huyo tapeli.

Na kama umeshaanza kukopa ili urudishe ulizoliwa, muone mshauri nasaha wiki hii, na simu ya miamala mwachie mkeo.