Wawakilishi wapya wa uzamili, futeni majina kwanza

Jumanne jioni niliwaona wawili wenu mkitoka kwa mkuu wa wanafunzi, simu mkononi. Mlikuwa mmemsomea malalamiko ya wenzenu moja kwa moja kutoka kwenye kundi la WhatsApp, majina na nambari za usajili vikionekana. Roho iliniruka. Nawapenda, wadogo zangu, na najua mnakimbilia darasa la saa kumi na moja unusu baada ya kutwa nzima kazini. Ila hili sitalinyamazia.

1. Futeni majina. Mwaka wangu wa kwanza wa uwakilishi, dada mmoja alinisimamisha ngazini. Sura ya pili ya tasnifu yake ilikuwa imekaa kwa msimamizi miezi 7. Akanionyesha nakala aliyorudishiwa: kurasa 43, na wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza tu, mkato mmoja uliozungushiwa duara. Nilipandwa na hasira. Kwenye kikao cha bodi nikasimama, nikakieleza kisa chake chote. Jina sikulitaja, nikadhani hiyo yatosha. Lakini nilitaja idara na mada ya utafiti, na katika idara ile ni yeye peke yake aliyekuwa akiandika juu ya mada hiyo. Msimamizi wake alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Aliandika neno daftarini, akafunika kalamu.

Wiki iliyofuata msimamizi huyo akajitoa, akisema ana majukumu mengi. Idara haikuwa na mwingine wa fani ile. Dada akapewa msimamizi aliyetaka mada tofauti. Akaandika pendekezo upya, akalitetea upya, akarudi kuomba idhini ya kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, akalipa karo ya mwaka ambao hakuwa ameupangia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani hungeniuliza kwanza?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Baadaye tulikusanya jedwali la shule nzima: tarehe ya kuwasilisha, tarehe ya kurudishiwa, idadi ya siku. Hakuna jina, idara wala mada. Kwa mara ya kwanza bodi ikajadili ucheleweshaji wenyewe, badala ya kumtafuta aliyelalamika.

2. Gombeeni nafasi za wajumbe. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu irekebishwe mwaka 2016, baraza la wanafunzi huchaguliwa na wajumbe, watatu kutoka kila idara, shule au kitivo, kutegemea chuo kilivyojigawa. Sisi wa uzamili husema uchaguzi ni wa watoto wa shahada ya kwanza, kisha tunalia maktaba ikifungwa kabla hatujatoka darasani. Nani angetusemea?

3. Ombeni kumbukumbu za kila kikao, zilizotiwa sahihi.

4. Msiitishe mkutano saa nane mchana. Tulipouhamishia Jumamosi asubuhi, alikuja daktari wa uzamili moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akasinzia kwenye kiti cha nyuma, koti jeupe likiwa magotini. Ajenda ya karo ilipofika tukamwamsha, na hoja aliyoitoa ndiyo iliyoingia kwenye barua yetu.

Alhamisi nitawangoja baada ya darasa, saa mbili unusu usiku, hata kama matatu za Thika Road zitakuwa zimejaa. Njooni na jedwali. Na kabla ya hapo, mpigieni simu kila mmoja ambaye jina lake lilisomwa Jumanne, mmweleze lilisomwa wapi na mbele ya nani.