Seattle, San Francisco au Denver: wapi kuna mandhari nzuri zaidi?

Dada, umeuliza uhamie jiji gani kati ya Seattle, San Francisco na Denver, ukiangalia uzuri wa asili peke yake. Mimi nasema Seattle, bila kusita.

Pale maji na milima vinakutana. Magharibi kuna Puget Sound, mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, na ng'ambo yake milima ya Olympic. Mashariki kuna safu ya Cascade. Panda kivuko cha Bainbridge Island jioni isiyo na mawingu, usimame nyuma ya chombo: jiji linabaki nyuma taratibu, na kusini unauona Mlima Rainier, mita 4,392, umesimama peke yake na theluji yake hata mwezi wa Agosti. Ila jiandae kwa mawingu na manyunyu kuanzia Oktoba. Mlima unaweza usiuone siku nyingi mfululizo.

San Francisco inafuata kwa karibu. Ukivuka daraja la Golden Gate, muda si mrefu uko Muir Woods, chini ya miti ya redwood, mingine ikipita mita 70. Kiangazi kina ukungu na baridi, beba sweta.

Denver inasifiwa kupita kiasi. Jiji lenyewe liko kwenye tambarare kavu; Milima ya Rocky unaiona kwa mbali, na wikiendi barabara ya I-70 ya kuiendea hujaa magari.

Kabla hujasaini mkataba wa nyumba, itembelee Seattle Januari, si Julai.